Mshika Kidani

Muuguzi Enala alikifunga kidani shingoni kwa Subilaga kwa vidole vilivyozoea kazi, akakikaza mpaka kikalala barabara chini ya koo, pale ambapo mtu akimeza mate panapanda na kushuka. Chuma chake kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha koti, cha baridi, na hakikuwa na uzuri wowote wa kujivunia.

“Kinabana, mama?”

“Kinabana kidogo.”

“Ndivyo kinavyotakiwa. Kikilegea hutamsikia.”

Tusekile alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya plastiki imemfunika nywele, shuka imemfika kifuani. Rovu lilikuwa limemjaa shingoni kama mtu aliyemeza kiazi kizima kikagoma kushuka. Alimtazama mama yake na kile kidani, akacheka, kicheko kilekile kinene kilichokuwa kikisikika mnadani kutoka upande wa mbuzi mpaka upande wa ng'ombe.

“Umependeza, mama. Ila usije ukasinzia nacho kama unavyosinzia mchungaji akihubiri.”

“Mimi sisinzii. Nafumba macho nisikie vizuri.”

“Na yale mate yanayodondoka, nayo yanasikiliza?”

“Hebu nyamaza wewe! Watu wanakusikia.”

“Waache wasikie,” Tusekile akasema. “Wasikie leo.”

Alikuwa anatania, lakini utani wenyewe ulikosa mtu wa kuucheka. Enala aliinama akashughulika na breki za kitanda.

Walipofika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mlango uliuliza kama milango yote ilivyouliza siku hizo: “Jitambulishe.”

“Tusekile Mwaijande, dalali wa mnada, mama yake Bupe, mtu mzima mwenye akili zake timamu.”

Jina peke yake lingetosha. Mlango haukuwa na haja ya zaidi, maana haukusikiliza maneno, ulisikiliza koo. Lakini Tusekile tangu alipokuwa msichana alikuwa na mazoea ya kuiambia milango zaidi ya ilichouliza. Mama yake alimgombeza kwa hilo mara nyingi. Sauti si kitu cha kumwaga ovyo, alikuwa akimwambia. Kwa sauti unafungua nyumba, kwa sauti unauza shamba, kwa sauti unamtoa mtoto shuleni mvua ikinyesha, kwa sauti unapiga kura. Kadi na sahihi na alama za vidole zilishakwisha kazi zake. Mtu alikuwa sauti yake.

Dakta Mwaisumo alitoka amevaa nguo za kijani, barakoa imening'inia kwenye sikio moja. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kuchoka.

“Mama, niambie jana nilikueleza nini. Nataka nijue umeelewa, siyo kwamba umeitikia tu.”

Subilaga alikunja mikono mbele ya kitenge chake kama mtoto aliyeitwa ubaoni. “Tezi lina pande mbili, mfano wa kipepeo. Pande zote zina kansa. Nyuma ya kila upande imepita neva, nyembamba kama uzi wa kushonea, ndiyo inayoamsha sauti. Ikivutwa au ikiungua, inalala. Upande mmoja ukilala atasema kwa kukwaruza, lakini atasema.”

“Na pande zote mbili zikilala?”

Subilaga alimtazama mwanawe kitandani. Daktari akamjibia. “Hatasema. Hata kupumua kutakuwa kwa shida, itabidi tumtoboe hapa.” Akagusa shingo yake mwenyewe, chini. “Na vile vitezi vinne vidogo kama punje za mtama?”

“Hivyo ni vya kulinda chokaa ya mwili. Vikiumia, mikono inakakamaa.”

“Sawa kabisa. Sasa kidani.” Dakta Mwaisumo alivuta pumzi. “Mimi ndani nina skrini. Mrija tunaouweka kooni mwake una nyaya zinazogusa nyuzi za sauti. Nikiigusa neva kwa kijiti cha umeme, koo linajibu, skrini inachora mlima. Mlima ukiwepo, neva ipo. Lakini mrija unaweza kuteleza, skrini ikazima wakati neva ni nzima. Ndiyo maana na wewe upo. Tutazungusha uzi mwingine kwenye neva kubwa ya shingo, inayozaa hizi za sauti, na uzi huo hauji kwangu. Unakuja kwako, hapo kooni. Mimi sheria hainiruhusu kukisoma kidani wala kukigusa.”

Alisema hivyo bila uchungu, lakini bila furaha pia. Subilaga aliijua habari hiyo, nani asiyeijua. Wakati wa ujana wake watu walikuwa wakiamka mabubu, na madaktari wakisema skrini ilionyesha vizuri. Wananchi wakaandamana, wakakataa kuamini kitu chochote kilichopitia mkononi mwa daktari. Tangu hapo ndugu mmoja hukaa nje na kuisikia neva ya mgonjwa kwa mwili wake mwenyewe, na neno lake ndilo la mwisho.

“Skrini ikizima nitakuuliza,” daktari akaendelea. “Ukisema yupo, naingia upande wa pili namaliza kansa yote leo. Ukisema hayupo, nafunga. Tutasubiri miezi. Sisi tutasubiri, kansa sijui.”

“Nimeelewa, daktari.”

“Basi ukiwa unamsikiliza usiongee, usiimbe,” Enala akaongeza, huku tayari anakisukuma kitanda. “Umesikia, mama?”

“Nimesikia.”

Tusekile alinyanyua mkono kwenye shuka akaupunga bila kugeuka, kama anavyowapungia wateja waliokataa bei.

*

Madirisha ya ukumbi wa kusubiria yalitazama mashamba ya chai, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mistari ya karibu. Subilaga alikaa wima kwenye benchi. Kwa muda kidani kilikuwa chuma tu. Halafu kikaanza. Kitu kiligonga kooni mwake taratibu, kikaacha, kikagonga tena, kama kifaranga kinachogonga ganda kutoka ndani.

Machozi yalimtoka asiyoyategemea. Alikuwa amewahi kugongwa hivyo na mtoto huyuhuyu, ila wakati ule ilikuwa tumboni.

Kwenye benchi hilo walikuwepo mzee mmoja na mkewe, waliokuja kliniki. Mzee alijitaja kuwa ni Ambakisye. Mkewe, Ndimbumi, hakutajwa mpaka baadaye. Kifuani mwanamke huyo alikuwa amebandikwa beji ya manjano ya watu wasio na sauti.

“Mwanao yuko ndani?” mzee akauliza.

Subilaga aliitikia kwa kichwa.

“Tezi?”

Kichwa tena.

“Aa, wamekukataza kuongea. Hata mimi walinikataza, wakati wa huyu.” Akamwelekeza mkewe kwa kidevu. “Mimi ndiye nilikishika kidani. Na wewe ndugu yangu ujiandae, sheria ni hiyo, mshika kidani ndiye anayekuwa msemaji, mambo yakiharibika. Mlango ukiuliza, mimi. Benki ikiuliza, mimi. Kura, mimi, napiga mbili!” Akacheka, akajipigapiga goti. “Watu wananionea wivu mtaani. Wanasema Ambakisye nyumba yako ina amani, mke hajibu.”

Ndimbumi alimtazama mumewe kidogo tu, akageuza uso dirishani.

Toroli la chai lilipita likijiendesha lenyewe, likasimama mbele yao. “Karibuni. Mnatumia nini?”

“Mimi kahawa. Mke wangu chai ya maziwa.”

Ndimbumi aligonga benchi kwa kiganja. Akanyoosha kidole kwenye chupa ya maji.

“Anasema maziwa yawe mengi,” mzee akasema.

Toroli likamimina. Kikombe kikawekwa mikononi mwa yule mama, akakishika kwa adabu, na hakukipeleka mdomoni hata mara moja. Subilaga aliona yote. Neno lilimfika ulimini, kwamba huyu ametaka maji. Lakini yeye alikuwa amekatazwa kuongea, na hata angeongea, toroli lisingemsikiliza. Msemaji alikuwa ameshasema. Akateremsha macho.

Alimwomba Mungu moyoni, Bwana, usinifanye kama huyu mzee. Halafu akaona aibu, kwa maana alikuwa amejiombea yeye na si mwanawe.

Ndipo akaushika wimbo.

Kwao, mtu wa nyumbani akiwa kwenye hatari, wanawake wa kanisa huushika wimbo. Mwanamke akiwa kwenye uchungu wa kuzaa, mtu akiwa amefukiwa na udongo, mtoto akiwa na homa ya kichwa, kina mama hukaa na wimbo mmoja, anaupokea huyu kwa yule, na hauachwi mpaka mtu yule avuke. Hawaimbi kwa mdomo. Huguna tu, midomo imefungwa, chini kabisa, sauti ikabaki kooni. Ukiuacha katikati umemwacha mtu katikati. Subilaga aliushika hivyo wimbo usiku kucha mume wake alipokuwa anakata roho, akauachia alipomfumba macho. Hajawahi kuambiwa na mtu kwamba huko ni kuimba. Kuimba ni kufungua kinywa. Hii ilikuwa sala, na sala hakuna aliyemkataza.

Akafumba macho. Wimbo ukatembea kooni, na kidani kikawa kinagonga ndani yake, vyote viwili pamoja, mpaka asijue kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Aliona raha ya ajabu. Aliona kama yeye na Tusekile wanaguna pamoja.

“Mshika kidani.”

Sauti ilitoka ukutani. Ilikuwa ya Dakta Mwaisumo, na nyuma yake zilisikika mashine.

“Mama, skrini yangu imezima. Nimeangalia mrija, sioni kama umeteleza, lakini siwezi kuapa. Upande wa kulia umeshatoka. Neva naiona kwa macho, haijakatika. Nakuuliza kisheria. Unamsikia?”

Subilaga hakuuacha wimbo. Angeuachaje sasa, hapa hapa penye mto, mwanawe hajavuka? Aliuguna kwa nguvu zaidi, akakibana kidani kwa vidole viwili, akasikiliza kwa mwili wake wote. Kilikuwa kinatetemeka. Kilikuwa kinatetemeka vizuri kabisa, kimejaa, bila kukatika.

Akafungua kinywa. “Namsikia, daktari. Yupo.”

“Una hakika?”

“Yupo. Endeleeni.”

“Ushuhuda umepokelewa,” ukasema ukuta, kwa sauti yake wenyewe sasa. “Asante.”

*

Aliurudia wimbo palepale alipoukatia. Mzee Ambakisye alikuwa amesinzia. Ukungu ulianza kuinuka kwenye mashamba ya chai.

Mkono ulimgusa shingoni. Subilaga alifumbua macho. Ndimbumi alikuwa amesogea karibu, amekiweka kikombe sakafuni, na vidole vyake viwili vilikuwa juu ya kidani. Alivituliza hapo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu akaunyanyua mkono mwingine, akaufunika mdomo wa Subilaga. Hakuwa na ukali. Alimziba tu, na macho yake yakasema: ngoja.

Wimbo ulikata.

Na kidani kikakata nacho.

Walitazamana, wanawake wale wawili. Subilaga alisubiri kule kugonga kwa kifaranga. Hakikugonga. Akaguna kidogo ndani ya kiganja cha mwenzake. Kikatetemeka. Akaacha. Kikawa chuma. Akaguna. Akaacha.

Ndimbumi aliondoa mkono wake taratibu, akarudi alipokuwa amekaa.

Sasa hapa ndipo Subilaga alipofanya jambo ambalo baadaye hakulipatia jina. Hakuinuka. Mlango ulikuwa pale, hatua chache tu, na miguu ilikuwa mizima. Lakini kichwa kilimwambia: wameshaingia upande wa pili. Ukienda sasa wataacha, watafunga, na kansa itabaki ndani inakula. Ukikaa, itatoka yote. Mtoto wako ataishi. Bubu, lakini ataishi, ataona Bupe anakua. Na pengine ni mrija kweli. Pengine kidani kimelegea. Nani anajua? Kichwa kilisema hivyo, kwa sauti ya busara, na chini ya busara kulikuwa na kitu kingine kidogo, cheusi, kilichokuwa kinasema: na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa unaguna.

Alikaa kwa muda wa ubeti mmoja. Pengine miwili. Alijaribu kuomba na hakuona pa kuanzia.

Kisha aliinuka akakimbia.

“Jitambulishe,” mlango ukasema.

“Subilaga Mwaijande. Mama yake Tusekile. Nifungulie!”

“Mshika kidani haruhusiwi kuingia.”

“Siingii! Nataka kubadili neno langu. Simsikii! Mwambie daktari simsikii!”

“Ushuhuda hutolewa unapoulizwa. Hujaulizwa.”

“Basi niulize! Niulize sasa!”

Mlango ulinyamaza. Haukuwa na ubaya, haukuwa na chochote. Subilaga aliupiga kwa viganja, halafu kwa ngumi, halafu akavua kiatu akaupiga kwa kisigino. Mzee Ambakisye aliamka akawa anauliza, kuna nini, kuna nini, mama huyu amepatwa na nini, na mkewe ambaye angeweza kumweleza hakuwa na namna ya kumweleza.

Enala alipotoka alikuwa na damu kwenye glavu. “Mama! Unafanya nini?”

“Nilikuwa naguna wimbo,” Subilaga akasema. “Ni mimi. Sikumsikia yeye. Nilijisikia mwenyewe.”

Enala alisimama kidogo sana, kiasi cha neno kumwingia. Rangi ikamtoka usoni, akageuka akakimbia ndani, na mlango ukamfunguka kabla hajasema jina lake lote.

*

“Tulikuwa tumeshafika,” Dakta Mwaisumo alisema.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, karibu na Subilaga, mikono imelegea katikati ya magoti. Mzee na mkewe walikuwa wameshaitwa kliniki.

“Neva ya kushoto sikuikata. Wala ya kulia. Nimeziona zote mbili kwa macho yangu, nyeupe, nzima. Lakini hazijibu. Labda zimevutika. Wakati mwingine zinaamka baada ya miezi. Wakati mwingine haziamki.”

“Ningekuja mapema...”

“Sijui, mama.”

“Nilichelewa. Nilikaa pale. Nilijua, nikakaa.”

Daktari alimgeukia. Subilaga alitamani atukanwe. Alitamani yule mwanamke asimame apige kelele ukumbi mzima usikie. Lakini Dakta Mwaisumo alifuta tu uso kwa mkono wa nguo.

“Sijui,” akarudia. “Uzi ule haupiti kwangu. Sina pa kuangalia ilizima lini. Pengine ulipokuja ilikuwa imeshalala zamani. Pengine ililala ukiwa umekaa. Hakuna mahali palipoandikwa. Watu walitaka hivyo.” Akainuka kwa shida. “Kansa imetoka yote. Hilo naweza kukuambia. Vitezi vya chokaa nimebakiza viwili, vimeshtuka, ndiyo maana atakuwa na mikono migumu siku hizi mbili tatu. Tunampa dawa ya mshipa.”

“Atasubiriwa? Mpaka neva iamke?”

“Mimi nitamsubiri. Masijala ya Sauti haisubiri. Koo likilala, wanakuja kuandika msemaji.”

*

Tusekile aliamka ana mrija chini ya koo, unapiga mluzi mwembamba kila akivuta pumzi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani kama kucha za kuku. Subilaga aliuchukua mkono mmoja akauweka katikati ya mikono yake, akawa anausugua.

Macho ya Tusekile yalizunguka dari, dirisha, muuguzi. Yakafika kwa mama yake. Midomo ikacheza. Haikutoka kitu, ule mluzi tu. Akajaribu tena, kwa nguvu, mishipa ikamsimama shingoni. Halafu akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukaonekana kunavyopita usoni, kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani.

Subilaga alikuwa ameomba apewe maneno mazuri. Hakupewa. Akamwambia yote kama yalivyokuwa. Wimbo. Swali la daktari. Alichojibu. Mkono wa yule mama mgeni. Na benchi, na ule ubeti mmoja au miwili. Angeweza kuuruka ubeti, hakuna aliyeuona isipokuwa mtu asiye na sauti. Hakuuruka.

“Nikawaza, bora uishi,” akamalizia. “Na nikaona aibu. Vyote viwili, mwanangu. Sijui kipi kilinikalisha.”

Tusekile alimtazama. Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu, mapana, na mama yake, aliyeweza kuyasoma tangu yalipofunguka mara ya kwanza duniani, hakuweza kuyasoma.

Karani wa Masijala alifika kesho yake, chai ya asubuhi ikiwa bado inagawiwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, Asajile kwa jina, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alibeba mashine mbili. Moja aliishika mkononi. Nyingine, bapa kama sahani, aliiweka pembeni ya kitanda.

“Poleni sana,” alisema, na alionekana kumaanisha. “Hatutawachosha. Ni swali moja tu.”

Akaiwasha mashine ya mkononi, nayo ikasoma kwa Kiswahili safi kisicho cha mahali popote: “Tusekile Mwaijande. Koo lako limethibitishwa kuwa kimya. Mshika kidani wako ni Subilaga Mwaijande. Je, unamkubali awe msemaji wako katika mambo yako yote? Jibu kwa sauti.”

Mrija ulipiga mluzi.

“Atajibuje kwa sauti?” Enala akauliza kutoka kwenye kitanda cha jirani.

Asajile alikohoa. “Ndiyo hivyo, sista. Waliotunga walifikiria wale waliobaki na kukwaruza kidogo. Kuitikia kwa kichwa hakukubaliki, maandishi hayakubaliki, mtu anaweza kushikiwa mkono. Kwa hiyo kama mgonjwa hawezi, mshika kidani anamjibia.” Akamgeukia Subilaga, akapunguza sauti. “Mama, sema ndiyo, tumalize. Ukisema hapana atapewa sauti ya umma. Kwa wanawake nchi nzima ni moja tu hiyo, na sentensi zake zimeshapangwa. Ni bora mama mzazi kuliko kile kisahani. Kila mtu anasema ndiyo.”

Subilaga aliinamia kitanda. “Umesikia, mwanangu? Nikusemee?”

Tusekile alivuta pumzi, mrija ukalia. Midomo yake ikaumba neno polepole, kwa uangalifu, kama anavyomfundisha Bupe kutamka. Hapana. Kisha akautoa mkono wake uliokunjamana kutoka mikononi mwa mama yake, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe.

“Labda hajakusikia vizuri,” Asajile akasema.

“Amesikia.”

“Ana dawa kichwani, mama. Wewe ndiye mwenye jibu. Mimi sijaona kitu, nilikuwa naangalia mashine.”

Alikuwa anamwonea huruma, na huruma yake ilikuwa mlango ulio wazi. Neno moja dogo. Milango yote ya mwanawe ingemtii, angeingia nayo kila mahali, angemsemea vizuri, kwa upendo, angemwombea maji akitaka maji. Asingekosea. Angejitahidi asikosee. Angefanya hivyo mpaka anaingia kaburini, na usiku mmoja baada ya mwingine angesema kwa mdomo wake kwamba Tusekile amekubali.

Na hakujua. Hiyo ndiyo iliyomkaba kuliko kidani kilivyombana jana. Hakujua kama mtoto amemkataa kwa hasira, au amemkataa ili asimtwike mzigo, au ni kwa sababu tu mtu mzima mwenye akili zake timamu hataki kusemewa na yeyote. Angemuuliza. Na angejibiwa na nani?

“Jibu kwa sauti,” mashine ikarudia.

“Hapana,” Subilaga akasema. Akalirudia neno ili lisije likakosewa. “Anasema hapana. Hanikubali.”

“Jibu limepokelewa. Asante.”

Asajile alitikisa kichwa, akaipachika ile sahani kifuani kwa Tusekile kwa mkanda, akamsogezea ubao mdogo wenye mistari ya maneno. Alimwelekeza pa kugusa. Tusekile aliushusha mkono. Kidole kilichokunjika kilitambaa juu ya ubao, kikapita mstari, kikarudi, kikatetemeka hewani. Subilaga alishika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili.

Kidole kikagusa.

Ikatoka sauti ya mwanamke ambaye hakuna aliyemzaa, laini, yenye adabu, isiyo na haraka.

“Ndugu, inatosha.”

“Vidole vyake bado,” Asajile akasema haraka. “Pengine alitaka mstari mwingine. ‘Mama’ lipo, ila ni ukurasa wa mbele.”

Tusekile alikuwa ameshafumba macho. Mkono ulibaki juu ya ubao, hausogei mbele wala nyuma.

“Haya, mwanangu,” Subilaga akaitikia. Akabaki amesimama pale pembeni ya kitanda, kiti kiko nyuma yake na mlango uko mbele, na asijue ameambiwa akae au aondoke.